Kutoka Pate hadi Oldonyiro: Maendeleo ya Fasihi ya Kiswahili kwa Kulinganishwa na Fasihi ya Kihispania

UTANGULIZI

Fasihi ya lugha yoyote huzaliwa na watu wenye mahali pao, wenye imani yao na wenye njia yao ya kujipatia riziki. Nayo hubadilika kadiri mambo hayo yanavyobadilika. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameikubali kauli hii kwa muda mrefu, na kutokana nayo wameweza kueleza kwa nini tendi za Pate ni za kidini, kwa nini mashairi ya Mombasa ya karne ya 19 yamejaa siasa, na kwa nini riwaya ilichelewa kuzuka mpaka ukoloni ulipokwisha kuingia. Lakini liko swali jingine linalohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Fasihi huwaje pale lugha yake inapowatoka wenyewe na kupokewa na watu wengine, walio mbali, ambao tayari wana lugha zao na fasihi simulizi zao?

Mfano mmoja wa watu hao ni wakazi wa Oldonyiro. Oldonyiro ni kata iliyo upande wa magharibi wa Isiolo, nchini Kenya, mahali ambapo Isiolo inapakana na Samburu na Laikipia. Wenyeji wake walio wengi ni Wasamburu na Waturkana, watu wa mifugo. Huko Kiswahili si lugha ya nyumbani. Mtoto hukikuta shuleni, hukikuta mnadani siku ya kuuza mbuzi na ng'ombe, na hukisikia vinywani mwa askari, wachuuzi na watumishi wa dini. Hata hivyo, mtoto huyo akifika sekondari hudaiwa asome riwaya, tamthilia na mashairi ya Kiswahili, na atahiniwe katika hayo. Kwa maneno mengine, hukabidhiwa urithi wa miaka mamia ambao babu zake hawakushiriki kuuchuma. Je, urithi huo ni wake au ameazimwa tu?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Yatafuata maendeleo ya fasihi ya Kiswahili tangu zama za tendi hadi leo, na yatayalinganisha na maendeleo ya fasihi ya Kihispania. Kihispania kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kama Kiswahili, kilikulia katika mawasiliano ya karibu na ustaarabu wa Kiarabu. Pili, kilivuka bahari na kupokewa na mataifa ambayo hayakuwa ya asili yake, nayo mataifa hayo yamekwisha kuonyesha ni nini huweza kutokea baadaye.

MWANZO: LUGHA MBILI NA HATI MOJA

Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka kutoka Afrika ya Kaskazini na kuingia Hispania. Utawala wao, uliozidi kupungua eneo kadiri karne zilivyopita, haukwisha kabisa mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492. Katika miji ya Andalusi palisemwa Kiarabu, Kiebrania na lugha ya wenyeji iliyotokana na Kilatini, na ni katika mchanganyiko huo ambamo ushairi wa kale kabisa unaojulikana wa lugha hiyo ya wenyeji umehifadhiwa. Washairi wa karne ya 11 waliotunga kwa Kiarabu au Kiebrania walikuwa na desturi ya kumalizia baadhi ya tungo zao kwa mistari michache ya lugha ya mitaani, ambayo mara nyingi ni maneno ya mwanamke anayemlilia mpenzi wake. Mistari hiyo iliandikwa kwa hati za Kiarabu au za Kiebrania. Wanazuoni hawakuitambua vyema mpaka mwaka 1948, Samuel Stern alipoisoma na kuitangaza. Hivyo, alama za kwanza za ushairi wa Hispania zimekutwa katika mikia ya mashairi ya lugha nyingine.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nako mawasiliano ya namna hiyo yalizaa matunda yanayofanana, ingawa kwa njia ya biashara, ndoa na dini zaidi kuliko kwa njia ya majeshi. Lugha iliyokuwapo ilikuwa ya Kibantu, na tungo zake za mdomo zilikuwa za zamani, kama zinavyothibitisha nyimbo na masimulizi ya Fumo Liyongo. Hati za Kiarabu zilipozoeleka, ushairi huo ulipata chombo cha kuuhifadhi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athman wa Pate mwaka 1728 kwa ajili ya sultani wa mji huo, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi. Kisa ni cha Uarabuni, hati ni za Kiarabu, lakini lugha na sauti ni za Pate.

Yafaa utendi huu ulinganishwe na utenzi mkuu wa Kihispania wa zama za kati, Cantar de Mio Cid, ambao nakala yake iliyosalia imetokana na nakala ya mwaka 1207. Nao unasimulia vita vya mipakani mwa dini mbili, isipokuwa unavitazama kutoka upande wa pili. Shujaa wake ni bwana wa Kikristo, lakini jina analotukuzwa kwalo, Cid, limetokana na neno la Kiarabu *sayyid*. Neno hilohilo wasomaji wa pwani wanalijua kama cheo cha watu wa ukoo wa Mtume, na waliwaita hivyo wengi wa washairi wao. Tungo zote mbili zinamtukuza shujaa wa tabaka la juu na zinaeleza maadili ya watawala wa wakati wake. Zote mbili, vilevile, zilikusudiwa kusikika kuliko kusomwa kimya.

Ufanano hauishii hapo. Waislamu waliobaki chini ya wafalme wa Kikristo waliendelea kuandika Kihispania kwa hati za Kiarabu, na miongoni mwa maandishi yao umo utenzi wa kisa cha Nabii Yusufu. Kisa hichohicho kilitungiwa utenzi wa Kiswahili kwa hati hizohizo. Watu hao wawili hawakupata kujuana. Walichoshiriki ni chimbuko moja la elimu, na kila mmoja alilichota kwa kata yake.

MIJI, MABWANA NA MAOMBOLEZO

Fasihi iliyoandikwa katika zama hizo, huku na huko, ilikuwa fasihi ya mabwana. Kusoma kulihitaji nafasi, na nafasi ilikuwa ya wenye mali au wenye elimu ya dini. Ndiyo maana mali ilipotoweka, fasihi ndiyo iliyoandika hati ya mauti yake.

Katika Hispania ya karne ya 15, Jorge Manrique, shujaa wa vita na mshairi, alimwombolezea baba yake kwa shairi refu ambamo anauliza wako wapi wafalme, mabibi na mabwana waliong'ara jana. Huko Pate, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi wakati utukufu wa mji huo ulipokuwa umekwisha kuzama. Naye anauonya moyo wake na kuuliza wako wapi waliokuwa na majumba, taa na watumishi. Wahakiki wengine wameziona tungo za aina hii kuwa za dini tupu, zenye kumwonya mwanadamu juu ya kifo. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Anayeuliza mabwana wamekwenda wapi anaeleza pia kwamba mfumo wa kibwanyenye uliowaweka juu umevunjika. Pate ilidhoofishwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe na mapambano yake na Lamu na Mombasa, na mwishowe ikaingia katika kivuli cha dola ya Zanzibar.

Mombasa ilimtoa Muyaka bin Haji (1776–1840), ambaye aliuchukua ushairi kutoka katika majumba ya wanazuoni akauleta barazani na sokoni. Alitunga juu ya siasa za Wamazrui, juu ya bahari na vyombo vyake, juu ya mapenzi na ukata. Kule Siyu, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858. Utendi huo umepingwa na wasomaji wa siku hizi kwa sababu ya utiifu unaomtaka mke awe nao, lakini umebaki kuwa ushahidi kwamba sauti ya mwanamke ilikuwamo katika fasihi iliyoandikwa ya Kiswahili mapema.

Hispania nayo ilikuwa imekwisha kushuka kutoka majumbani hadi mitaani. La Celestina (1499) ilimweka kuwadi mzee katikati ya jukwaa. Lazarillo de Tormes (1554), ambayo mwandishi wake hakujitaja, ilisimuliwa na mtoto maskini anayehama kutoka kwa bwana mmoja hadi mwingine, na kila bwana akiwa na njaa au unafiki wake. Kutokana na njia hiyo ilizuka riwaya ya Cervantes, Don Quixote, iliyotoka kwa sehemu mbili, mwaka 1605 na 1615. Cervantes aliwahi kukaa mateka Algiers kwa miaka mitano, 1575 hadi 1580. Katika riwaya yake anajifanya kwamba kisa chote kiliandikwa kwa Kiarabu na mwanahistoria aitwaye Cide Hamete Benengeli, na kwamba kilifasiriwa huko Toledo na mmoja wa Waislamu waliobatizwa. Ni mzaha, lakini ni mzaha unaokiri deni. Miaka minne tu baada ya sehemu ya kwanza kuchapishwa, watu wa jamii ya mfasiri huyo walianza kufukuzwa kutoka Hispania kwa amri ya mfalme.

DOLA NA SARUFI

Lugha haienei kwa uzuri wa mashairi yake peke yake. Hubebwa na biashara, na majeshi, na makarani. Katika karne ya 13 Mfalme Alfonso wa 10 aliagiza sheria, historia na elimu ya nyota viandikwe kwa lugha ya Castilla badala ya Kilatini, akitumia wasomi wa Kikristo, Kiyahudi na Kiislamu. Mwaka 1492 Antonio de Nebrija alimkabidhi Malkia Isabel kitabu cha sarufi ya lugha hiyo, na katika utangulizi wake alieleza kwamba lugha na dola huandamana. Mwaka huohuo Columbus alifika visiwa vya Amerika. Maneno ya Nebrija yalithibitika mapema kuliko alivyotazamia.

Kiswahili nacho kilipata watu wa namna ya Nebrija. Wamisionari walikuwa wa kwanza. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na Steere alifika Zanzibar miaka 20 baadaye, nao wakaanza kukiandika Kiswahili kwa hati za Kirumi. Utawala wa Wadachi na baadaye wa Waingereza uliendeleza kazi hiyo katika ofisi, majeshi na shule. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Kila kitabu cha shule kililazimika kupita mikononi mwake.

Usanifishaji huo ulikuwa na faida na hasara, na haifai kuutazama kwa jicho moja. Hasara iliziangukia lahaja za Kiamu na Kimvita, ambazo ndizo zilizobeba ushairi mkuu wa karne mbili. Zilisukumwa nje ya darasa, na hati za Kiarabu zikabaki mikononi mwa wanazuoni wachache. Washairi wa Mombasa hawakulikubali jambo hilo kimya. Ahmad Nassir, kwa Malenga wa Mvita (1971), na Abdilatif Abdalla, kwa Sauti ya Dhiki (1973), mashairi aliyoyatunga kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, walionyesha kwamba Kimvita kingali hai na kina makali. Faida, kwa upande wake, ilikuwa hii: kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam kiliweza kusomwa Dodoma, Ukerewe, Kitale na, hatimaye, Oldonyiro.

WAGENI WANAPOKUWA WENYEJI

Hapa ndipo historia ya Kihispania inapokuwa na funzo kubwa zaidi. Mwaka 1609 Inca Garcilaso de la Vega alichapisha historia ya watu wa Peru. Baba yake alikuwa askari wa Kihispania, mama yake alikuwa wa ukoo wa watawala wa Inca, na lugha aliyoinyonya ilikuwa Kikechua. Alizaliwa Cuzco mwaka 1539 na kufa Córdoba mwaka 1616. Alitumia lugha ya washindi kueleza habari za walioshindwa, na mara kwa mara anawasahihisha wanahistoria wa Hispania kwa sababu hawakuyaelewa maneno ya Kikechua waliyoyaandika. Kihispania kilikuwa kimempata mwandishi aliyejua jambo ambalo wenyewe hawakulijua.

Karne tatu baadaye mkondo uligeuka kabisa. Rubén Darío wa Nicaragua alichapisha Azul huko Chile mwaka 1888, na ushairi wa Hispania yenyewe ukafuata mageuzi yaliyotoka Amerika. José María Arguedas wa Peru, aliyelelewa miongoni mwa watumishi wasema Kikechua, aliandika riwaya ambamo Kihispania kinapindwa mpaka kisikike kama Kikechua. Maarufu zaidi ni Los ríos profundos ya mwaka 1958. Gabriela Mistral wa Chile alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1945, na Gabriel García Márquez wa Kolombia akaipata mwaka 1982. Leo hapana anayeweza kuandika historia ya fasihi ya Kihispania na kuishia Madrid.

Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya fasihi ya Kiswahili katika karne ya 20 inaithibitisha methali hiyo. James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa (1934), alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, wa jamii iliyowekwa Frere Town. Wahakiki wamemlaumu, kwa haki, kwa jinsi anavyowatukuza Waingereza, lakini hadithi yake ilitoka kwa watu ambao tendi za zamani ziliwataja tu kama watumishi wa majumba. Shaaban Robert (1909–1962), anayehesabiwa kuwa baba wa nathari ya Kiswahili ya siku hizi, alizaliwa karibu na Tanga katika ukoo wa Kiyao. Aliposema kwa mafumbo juu ya utawala mbaya katika Kusadikika (1951), aliwasemea raia wa koloni zima. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, aliubeba ushairi wa vina na mizani mpaka bara na kuikuza ngonjera, ambayo baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilikuwa sauti ya shule na mikutano ya Tanzania.

Miaka ya 1970 ilileta mgogoro uliokuwa lazima utokee. Euphrase Kezilahabi (1944–2020), wa Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya iliyoudhi wengi kwa uwazi wake, kisha Kichomi (1974), diwani ambamo mashairi hayakufuata vina wala mizani. Mulokozi na Kahigi waliipa diwani yao jina la Malenga wa Bara (1976), jina ambalo peke yake ni hoja. Wapinzani wao walisema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Msomaji wa historia ya Hispania hatashangaa. Juan Boscán na wenzake walipoleta mizani ya Kiitalia katika karne ya 16, Cristóbal de Castillejo aliwashutumu kwa kuisaliti jadi. Jadi haikufa. Mizani ya zamani na mipya iliendelea bega kwa bega, na washairi wakubwa wa karne iliyofuata walizitumia zote mbili. Katika Kiswahili pia pande zote mbili zingali zinatunga.

Katika habari hii yote mfano ulio karibu zaidi na hali ya Oldonyiro ni ule wa Aniceti Kitereza, naye pia wa Ukerewe. Kufikia mwaka 1945 alikuwa amekwisha kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha mume na mke wanaotamani mtoto, na ndani yake akaweka kilimo, uvuvi, uganga, pombe na adabu za watu wake. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Hatimaye alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kilichapwa Dar es Salaam miaka 35 baada ya kuandikwa, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981. Kiswahili kilipata kitabu ambacho hakuna mtu wa pwani ambaye angeweza kukiandika. Hasara ya Wakerewe, waliokosa kwa miaka yote hiyo kitabu cha lugha yao, nayo haifai kufichwa.

OLDONYIRO: MALI ISIYOANDIKWA

Upande wa kaskazini wa Kenya ulitawaliwa na Waingereza kwa sheria za kuwatenga watu wake na sehemu nyingine za koloni. Shule zilikuwa chache na zilichelewa. Kiswahili kilifika kama lugha ya amri, kwa maana kilikuwa lugha ya majeshi ya mfalme, ya polisi na ya karani wa kodi. Katika mji wa Isiolo kilikuwa pia lugha ya kuwakutanisha Waborana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na Waturkana, na hapo kilianza kupata sura ya kibinadamu. Baada ya mfumo mpya wa elimu kuanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za Kenya. Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya kiwe lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Basi mtoto wa Oldonyiro husoma. Hukutana na methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hulazimika kukariri sehemu tatu za chombo cha baharini ambacho hajapata kukiona. Hufundishwa kusi na kaskazi kabla ya kufundishwa namna ya kuandika juu ya mvua zinazompitia yeye. Hakuna ubaya katika hilo, maana kila fasihi humtaka msomaji asafiri. Ubaya uko katika safari ya upande mmoja. Waturkana wana desturi ya kijana kuwa na maksai wake mpendwa, anayekunjwa pembe kwa ustadi na kutungiwa nyimbo zinazosifu rangi yake, mwendo wake na mlio wa njuga yake. Wasamburu wana nyimbo za morani, wana vitendawili, wana sala za wazee ambamo mmoja hutamka baraka na waliohudhuria huitikia kwa kumtaja Nkai. Lugha zao zina majina ya rangi na mabaka ya ng'ombe mengi kiasi kwamba mwenye kamusi ya Kiswahili huishia kusema "madoadoa" na kunyamaza. Bahari ya Muyaka imo katika kamusi kwa sababu Muyaka aliiimba. Boma la Oldonyiro halimo kwa sababu aliyeliimba hakuliimba kwa Kiswahili.

Pana wanaosema kwamba mtu wa lugha nyingine ataiharibu fasihi ya Kiswahili kwa lafudhi na miundo ya kwao. Historia iliyoelezwa hapo juu haiungi mkono hofu hiyo. Ken Walibora, aliyezaliwa magharibi ya Kenya, aliandika Siku Njema (1996), ambamo Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake mpaka Kitale. Na Kiswahili cha riwaya hiyo kimesomwa shuleni kama kielelezo. Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, aliandika Kifo Kisimani (2001), tamthilia ya siasa iliyotahiniwa nchi nzima. Waandishi hao hawakukiharibu Kiswahili.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliamua kuandika riwaya kwa Kikuyu, na Caitaani Mũtharaba-inĩ ilitoka mwaka 1980. Hoja yake ilikuwa kwamba mwandishi wa Kiafrika anapaswa kuitumikia kwanza lugha ya mama. Kwa nini basi mtu wa Oldonyiro aandike Kiswahili na asiandike Kisamburu au Kiturkana? Jibu ni kwamba hapaswi kuchagua kimoja na kuua kingine. Riwaya ya Ngũgĩ yenyewe ilifasiriwa kwa Kiswahili, Shetani Msalabani, mwaka 1982, na kwa njia hiyo ikawafikia wasiojua Kikuyu. Kitereza aliandika kwanza kwa lugha yake, kisha akafasiri. Inca Garcilaso aliandika Kihispania huku Kikechua kikiwa mkononi kama kipimo. Anayeijua fasihi simulizi ya kwao kwa lugha yake ndiye mwenye kitu cha kuleta katika Kiswahili. Asiyeijua atarudia tu yale aliyoyasoma.

Jambo hili lina muda wake. Wazee wanaozijua nyimbo za maksai na sala ndefu hawataishi milele, na ukame unaoua mifugo huua pia sababu ya kuiimba. Kijana asiyekuwa na ng'ombe hamtungii ng'ombe. Mashairi ya Muyaka hayangetufikia kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingeyakusanya kutoka vinywani mwa watu baada ya mshairi kufa, na kuyaeleza kwa mmisionari W. E. Taylor. Kazi ile haikuhitaji chuo kikuu. Ilihitaji mtu mmoja anayejua thamani ya alichosikia, na daftari.

HITIMISHO

Fasihi ya Kiswahili imepita mikononi mwa masayyid wa Pate, malenga wa Mombasa, wana wa watumwa wa Frere Town, makarani wa Tanga, walimu wa Ukerewe na waandishi wa bara la Kenya. Kila kundi lilipoingia, waliotangulia walidhani kwamba lango limeachwa wazi mno. Kila mara fasihi ilizidi kuwa pana. Kihispania kilipita njia hiyohiyo kwa gharama kubwa ya damu, na watu waliolazimishwa kukisema ndio waliokuja kukipa baadhi ya vitabu vyake vikuu.

Swali lililoulizwa mwanzoni lina jibu, basi. Mtoto wa Oldonyiro hurithi fasihi ya Kiswahili kwa haki ileile aliyoirithi Shaaban Robert, nayo ni haki ya kuongeza kitu. Wanaomfundisha wana wajibu wa kumpa Al-Inkishafi na Kichomi bila kumpunguzia hata kidogo. Na wana wajibu wa pili, ambao mtaala bado haujautekeleza kikamilifu, wa kumtuma nyumbani na daftari, akaandike kwa lugha ya kwao wimbo wa babu yake, kisha arudi darasani autafutie Kiswahili chake. Pale atakapokosa neno la rangi ya yule maksai, alete neno la kwao. Kamusi zimekwisha kupokea mengi kutoka Uarabuni, Uhindini, Ureno na Uingereza, na hazitashindwa kupokea machache kutoka Isiolo.